Moja Shika, au Liwalo na Liwe?

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa.)

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuanze na hesabu ndogo isiyohitaji kalamu wala karatasi. Tuseme mtu mwaminifu, ambaye huna sababu ya kumshuku, anakuwekea mezani mambo mawili uchague moja. La kwanza, anakupa shilingi laki tatu taslimu, sasa hivi, mkononi. La pili, anakuachia ubahatishe: kati ya nafasi kumi, nane ni za kupata laki nne, na mbili ni za kuondoka mikono mitupu. Utachagua lipi?

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kuzishika laki tatu. Wahenga walisema moja shika, si kumi nenda urudi, na hapa methali hiyo inaonekana kukaa mahali pake.

Sasa tuigeuze hesabu hiyo hiyo. Safari hii hupewi kitu, bali unatozwa. Ama utoe laki tatu sasa hivi na mambo yaishe; ama ubahatishe: nafasi nane kati ya kumi utatoa laki nne, na nafasi mbili hutatoa hata senti moja. Utachagua lipi? Nahisi hapa wengi mmesita kidogo, kisha mkasema potelea mbali, tubahatishe. Moja shika imesahauliwa, na mahali pake umekuja msemo mwingine: liwalo na liwe.

Tazameni basi tulichofanya. Mtu akiirudia bahati ile mara nyingi, wastani wake ni laki tatu na elfu ishirini. Kwa hiyo tulipokuwa tunapokea, kubahatisha kulikuwa na faida zaidi kidogo, nasi tukakukataa. Tulipokuwa tunatoa, kubahatisha kulikuwa na hasara zaidi kidogo, nasi tukakukumbatia. Mtu ni yule yule, hesabu ni ile ile, lakini majibu yamepeana mgongo.

Swali hili sikulitunga mimi. Nimebadili fedha tu. Liliulizwa na wataalamu wawili wa saikolojia waliofanya kazi pamoja katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, Daniel Kahneman na Amos Tversky, na majibu yake yakachapishwa mwaka 1979 katika jarida la uchumi liitwalo Econometrica. Walioulizwa walikuwa watu 95. Katika swali la kupokea, asilimia 80 walichukua fedha za hakika. Katika swali la kutoa, asilimia 92 walibahatisha. Kiasi kilichotajwa kilikuwa lira za Israel 3,000 na 4,000, wakati ambapo pato la mwezi la familia ya kawaida huko lilikuwa kiasi cha lira 3,000. Ni kweli kwamba hakuna aliyepewa wala kutozwa fedha hizo. Yalikuwa maswali ya kuwazia. Lakini lilikuwa suala la mshahara wa mwezi mzima, si fedha za kununulia pipi.

Nataka leo tuifuate kazi ya Profesa Kahneman, aliyefariki tarehe 27 Machi 2024 akiwa na umri wa miaka 90, kwa sababu maisha yake yote ya usomi aliyatumia kwa swali linalomgusa kila mmoja wetu: binadamu huamuaje mambo wakati hajui kesho italeta nini?

Alizaliwa Tel Aviv mwaka 1934, lakini alikulia Paris. Wajerumani walipoikalia Ufaransa, familia yake ya Kiyahudi iliishi kwa kujificha na kuhamahama. Baba yake alikamatwa, akaachiwa, kisha akafariki kwa ugonjwa wa kisukari mwaka 1944, kabla nchi haijakombolewa. Vita vilipokwisha mama na watoto walihamia Palestina. Huko kijana alisoma saikolojia na hisabati, akamaliza mwaka 1954, na kuingia jeshini kama sheria ya nchi ilivyotaka.

Jeshini alipewa kazi ya kusaidia kuchagua askari wanaofaa kusomea uofisa. Njia yenyewe ilikuwa hivi. Askari wanane wasiojuana, waliovuliwa alama zote za vyeo, walipewa gogo refu na kuamriwa wavuke nalo ukuta. Gogo lisiguse ukuta, wala mtu asiuguse. Likigusa, waanze upya. Kahneman na wenzake walikaa pembeni wakitazama: nani anaongoza, nani mkaidi, nani anakata tamaa, nani anamsaidia mwenzake. Mwishowe walijiona kama waliomsoma kila mtu mpaka moyoni, na wakaandika bila kusita nani atakuwa ofisa hodari.

Kila baada ya muda zilikuja taarifa kutoka chuo cha maofisa. Zilionyesha kwamba utabiri wao ulipita kubuni kwa kiasi kidogo mno. Ungetegemea kwamba baada ya taarifa kama hiyo watu wangepoteza imani na kazi yao. Haikuwa hivyo. Kundi jipya lilipoletwa ukutani, imani ilirudi vile vile kama jana. Kahneman aliliona jambo hilo la ajabu akalipa jina, ambalo kwa lugha yetu naweza kuliita kiinimacho cha uhakika. Maana yake ni kwamba hisia ya kuwa na hakika ni kitu kimoja, na kuwa sahihi ni kitu kingine, na la kwanza haliwi ushahidi wa la pili.

Mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka 21, alitakiwa atengeneze utaratibu mpya wa kuwahoji askari. Aliwakataza wahoji kutoa hukumu ya jumla kwa kumtazama mtu. Aliwapa sifa sita, na kwa kila sifa maswali yake maalumu, kisha alama zake, na sifa ya kwanza imalizwe kabla ya kugusa ya pili. Wahoji walinung'unika kwamba wanafanywa mashine. Lakini utaratibu ule ulitabiri vizuri zaidi kuliko hekima yao ya zamani, na jeshi liliendelea kuutumia kwa miaka mingi. Likumbukeni jambo hili, maana nitalirudia.

Baada ya kupata shahada ya udaktari huko Berkeley, California, mwaka 1961, alirudi Jerusalem kufundisha. Siku moja alikuwa akiwaeleza walimu wa marubani wa jeshi la anga kwamba kumsifu mwanafunzi kunafaa kuliko kumkemea. Mwalimu mmoja mzoefu alimpinga waziwazi. Alisema yeye amewasifu wengi waliorusha ndege vizuri, na mara iliyofuata waliharibu. Na amewakemea wengi walioharibu, na mara iliyofuata walifanya vizuri zaidi.

Yule mwalimu aliyoyaona yalikuwa kweli. Alichokosea ni sababu. Katika kurusha ndege mara moja kuna ustadi, na kuna bahati ya siku hiyo. Aliyefanya vizuri kupita kawaida yake, mara nyingi bahati ilimbeba, na bahati haikai. Kesho hurudi karibu na kiwango chake. Aliyeharibu kupita kawaida yake, naye kesho hupanda karibu na kiwango chake. Yangetokea hayo hata kama mwalimu angenyamaza kimya. Nawaombeni wazazi, walimu na wakuu wa kazi mlitafakari hilo kabla hamjaamini kwamba fimbo ndiyo iliyofundisha.

Ushirika wake na Amos Tversky ulianza mwaka 1969. Tversky, mdogo kwake kwa miaka mitatu, alikuwa mwanahisabati wa saikolojia na aliwahi kuwa askari wa miavuli aliyepewa nishani ya ushujaa. Walikaa saa nyingi kila siku wakizungumza, wakicheka na kutungiana maswali, wakijichunguza wao wenyewe kwanza: kama swali limewatega wao, basi huenda litawatega na wengine. Ilipofika kuandika makala yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971, walirusha sarafu kuamua jina la nani litangulie. Baada ya hapo wakawa wanapokezana.

Sasa turudi kwenye fedha zetu. Kwa nini mtu huyo huyo awe mwoga anapopokea na mcheza kamari anapotozwa?

Elimu ya zamani ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1738 mtaalamu wa hisabati Daniel Bernoulli alieleza kwamba watu hawapimi fedha kwa hesabu tupu, bali kwa manufaa yake, na kwamba shilingi moja ina uzito zaidi kwa maskini kuliko kwa tajiri. Jambo hilo ni kweli, na kwa zaidi ya karne mbili ndilo lililotawala. Lakini lilichukulia kwamba mtu anapoamua huwaza jumla ya mali yake yote.

Kahneman na Tversky walisema sivyo. Fikirini watu wawili wanaoshuka basi moja, kila mmoja ana shilingi elfu kumi mfukoni. Mmoja alitoka nyumbani na elfu tano, akakutana na mdeni wake akamlipa. Wa pili alitoka na elfu ishirini, akachomolewa kumi. Kwa hesabu ya mali wako sawa. Je, wanashuka na uso mmoja? Binadamu hapimi alicho nacho, hupima alikotoka. Anasimama mahali fulani, na kutoka hapo huona kila jambo ama ni faida ama ni hasara.

Tena mizani yenyewe imeinama. Hasara huuma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyofurahisha. Makadirio waliyoyatoa mwaka 1992 yalikuwa kwamba uzito wa hasara ni zaidi kidogo ya mara mbili. Ndiyo maana mtu aliye upande wa faida huogopa kuipoteza, akashika moja. Na aliye upande wa hasara huchukia kuikubali kiasi kwamba yuko tayari kujitia katika hasara kubwa zaidi, mradi abakiwe na tundu dogo la kutokea bila kulipa kitu.

Waliona jambo jingine pia. Nafasi ndogo sana hatuipimi kwa udogo wake. Waliwauliza watu 72 wachague kati ya lira tano za hakika na nafasi moja katika elfu ya kupata lira 5,000. Asilimia 72 walichagua ile nafasi. Wakawauliza tena: upoteze lira tano kwa hakika, au ukabili nafasi moja katika elfu ya kupoteza lira 5,000? Safari hii asilimia 83 walikubali kutoa zile tano. Swali la kwanza ni tiketi ya bahati nasibu. La pili ni bima. Hivyo mtu anayenunua vyote viwili kwa siku moja hajipingi. Kitu kidogo kisicho na hakika kimekuzwa machoni pake mara mbili, mara kwa tamaa na mara kwa hofu.

Niseme pia kwamba katika maisha nafasi hizo mara nyingi hatuzijui. Mwaka 1921 mchumi wa Marekani Frank Knight alitenganisha bahati inayohesabika, kama ya dadu, na mashaka yasiyohesabika, kama ya biashara mpya. Mwaka 1961 Mmarekani mwingine, Daniel Ellsberg, aliuliza juu ya vyungu viwili. Kimoja kina mipira 50 myekundu na 50 myeusi. Cha pili kina mipira 100 ya rangi hizo mbili, lakini mgawanyo wake haujulikani. Ukitaka kushinda kwa kuchomoa mpira mwekundu, utaweka mkono wapi? Watu wengi hukimbilia chungu cha kwanza. Waambie sasa mshindi ni mweusi, bado hukimbilia kile kile, kana kwamba chungu cha pili kina upungufu wa rangi zote mbili. Tunachoogopa pale ni kutojua kwenyewe.

Mpaka hapa msikilizaji anaweza kusema haya ni mambo ya fedha na michezo. Hapana. Mwaka 1981 wataalamu wetu wawili walichapisha swali juu ya ugonjwa unaotazamiwa kuua watu 600. Kuna mipango miwili ya kupambana nao. Wa kwanza utaokoa watu 200. Wa pili una nafasi moja katika tatu ya kuokoa wote 600, na mbili katika tatu za kutookoa hata mmoja. Asilimia 72 ya walioulizwa walichagua kuokoa wale 200 kwa hakika.

Kundi jingine liliulizwa jambo hilo hilo kwa maneno mengine: mpango wa kwanza, watu 400 watakufa, mpango wa pili, nafasi moja katika tatu asife mtu, na mbili katika tatu wafe wote 600. Kuokoa 200 katika 600 na kuacha 400 wafe ni kitu kimoja, mtoto wa shule ya msingi anajua. Lakini safari hii asilimia 78 walichagua kubahatisha. Neno okoa liliwaweka upande wa faida; neno kufa likawahamishia upande wa hasara.

Wala usomi haukuwa kinga. Katika utafiti uliotoka mwaka 1982, ambao Tversky alishiriki, madaktari waliulizwa juu ya upasuaji wa saratani ya mapafu. Walipoambiwa kwamba katika wagonjwa 100 hupona kisu 90, asilimia 84 waliupendelea. Walipoambiwa kwamba katika 100 hufa 10, waliobaki kuupendelea walikuwa asilimia 50.

Hapa ndipo naona uzito wa kazi hii yote. Anayekuuliza swali ana mamlaka juu ya jibu lako, hata kama hakukudanganya kwa neno moja. Mwenye duka anayesema punguzo, mwanasiasa anayesema tutapoteza, wakala anayesema usiikose nafasi, kila mmoja anachagua mahali pa kukusimamisha kabla hujaanza kufikiri.

Ni haki kutaja mipaka ya elimu hii. Mwaka 2010 lilichapishwa jaribio lililofanywa kwa wanakijiji wa Ethiopia, India na Uganda, na hao walibahatisha kwa fedha za kweli. Ilionekana kwamba maamuzi yao yaligawanyika karibu nusu kwa nusu: mengine yalifuata nadharia ya Kahneman na Tversky, mengine hesabu ya zamani. Basi asije mtu akawaambieni kwamba watu wote ni wajinga wa hesabu. Na Kahneman mwenyewe, mwaka 2017, alikiri hadharani kwamba katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 2011 aliziamini mno baadhi ya tafiti zilizofanywa kwa watu wachache. Makala ile ya kwanza ya 1971, iliyorushiwa sarafu, ilihusu kosa hilo hilo la kuamini mifano michache. Msomi anayekubali kwamba ametegwa na mtego alioueleza yeye mwenyewe anastahili heshima.

Tversky alifariki mwaka 1996 kwa saratani, akiwa na miaka 59. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, yeye ambaye hakuwa mchumi, pamoja na Vernon Smith. Tuzo hiyo hawapewi marehemu, naye alieleza kwamba kazi iliyompa heshima ile aliifanya pamoja na rafiki yake.

Sasa sisi tufanye nini? Kahneman hakudai kwamba elimu yake ilimponya. Aliandika kwamba hisia zake za haraka ziliendelea kumpotosha kama zamani. Dawa aliyoiamini ni ile ya 1955: utaratibu. Usiuamini moyo ulio moto. Upe hatua za kufuata.

Mimi napendekeza hatua tatu. Ya kwanza, ukiletewa jambo kwa jina la hasara, ligeuze kwa jina la faida kabla hujajibu, na ukiletewa kwa jina la faida, ligeuze kwa hasara. Jibu lako likibadilika, bado hujaamua. Ya pili, waambie wanaokushauri wakupe hesabu kwa watu mia: wangapi walifaulu, na wangapi hawakufaulu, yote mawili kwa pumzi moja. Ya tatu, na hii ndiyo ngumu, unapotaka kuongeza fedha ili urudishe zilizopotea, jiulize: kama ningeanza leo, sijapoteza kitu, ningeziweka fedha hizi hapa?

Tunapenda kusema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo inafaa kwa kazi nzuri iliyo ngumu. Haifai kwa kijana aliyekwisha kupoteza nauli na fedha za chakula kwa kubeti mpira kwenye simu, na usiku anatafuta wa kumkopesha ili arudishe zote kwa mkeka mmoja. Kijana huyo si mlafi, wala si mwendawazimu. Amesimama upande wa hasara, na kutoka hapo alipo, liwalo na liwe inasikika kama busara. Anachohitaji si matusi, bali mtu wa kumwambia kwamba fedha zile zimekwisha kwenda, na kwamba hizi atakazokopa ni nyingine.

Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo. Nawatakieni siku njema.